Kichupa cha chanjo ya surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuma machache yaliyopita kwamba hatampeleka mwanawe kuchanjwa surua mpaka atokee mtu wa kumweleza chanjo hiyo humwachia mtoto nini kichwani baada ya miaka mingi. Mtaani kwetu barua ile ilisomwa na watu wakamcheka. Mimi sikumcheka. Swali hilo nimewahi kuliuliza mwenyewe mbele ya daktari, nikiwa nimempakata mtoto mkubwa wa darasa la tatu ambaye hakuweza tena kushika kikombe. Nilijibiwa, na jibu lenyewe ni kinyume kabisa cha hofu ya ndugu yangu huyo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Korogwe, sikusomea udaktari. Ninayoyaandika nimeyapata kwa madaktari waliomtibu mwanangu, na kwa mdogo wangu ambaye ni mfamasia. Alikuwa akikaa nami usiku ananisomea makala za kitabibu kwenye simu na kunifafanulia, nami namrudisha nyuma kila pale nisipoelewa, mpaka nielewe.

Kifungua mimba wangu alizaliwa mwaka 2010. Surua ilimpata akiwa na miezi saba. Tulikuwa tumekwenda Tanga mjini kwenye harusi ya shemeji yangu, na katika chumba walicholazwa watoto kulikuwa na mmoja mwenye homa, mafua na macho mekundu. Watu wakasema ni baridi ya safari. Vipele vilimtoka harusi ilipokwisha, na ndipo tukajua. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba mwenye surua huanza kuwaambukiza wenzake kama siku nne kabla vipele havijaonekana, na kwamba virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Mahali ambapo hakuna mwenye kinga, mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Sasa fikiria chumba cha harusi.

Miezi saba ni umri mbaya. Kinga aliyotoka nayo tumboni mwa mama inakuwa imekwisha au inakaribia kwisha, na sindano ya kwanza katika ratiba yetu ya Tanzania ni ya miezi tisa. Mwanangu alikuwa katikati hapo. Aliugua vibaya: kikohozi, kuhara, vidonda mdomoni, akawa hawezi kunyonya. Kituo cha afya walimpa vitamini A na maji ya chumvichumvi, wakatuelekeza namna ya kumlisha, na akapona. Wazee wakasema surua kila mtoto lazima aipitie, wa kwetu ameshapita. Alipotimiza miezi tisa nikampeleka kliniki akachomwa sindano ya surua kama watoto wengine. Msomaji ashike hilo, kwa sababu ndilo lililoleta maneno baadaye.

Alikua vizuri. Alianza shule, akajua kusoma mapema, jioni alikuwa akinihesabia vifungo vya wateja na kunipangia kwa rangi. Mwaka 2019, akiwa darasa la tatu, mwandiko wake ulibadilika. Ninazo daftari zake mpaka leo. Mwezi wa pili herufi zimekaa kwenye mstari, mwezi wa sita zinapanda na kushuka, mwezi wa nane huwezi kusoma. Jedwali la kuzidisha alilokuwa analijua kwa moyo likampotea. Akawa na hasira asizokuwa nazo. Kisha akaanza kudondosha vitu: kijiko, penseli, ndoo ndogo ya maji. Nikamchunguza nikaona kwamba mwili unamshtuka. Kichwa kinainama ghafla, magoti yanalegea kidogo, anajishika, baada ya muda mfupi tena. Akilala usingizi mishtuko inatulia kabisa, akiamka inarudi.

Yaliyofuata kila mzazi wa Kiafrika anayajua. Mwalimu aliniita akaniambia mtoto amekuwa mzembe. Upande wa baba yake walisema ana pepo, akapungwa. Tuliombewa kanisani kwa jirani ingawa sisi ni Waislamu, kwa sababu nani atakataa dua? Hospitali ya kwanza tuliyokwenda walisema ni kifafa, wakampa dawa za kifafa, miezi ikapita. Sitaitaja hospitali hiyo. Ugonjwa huu ni adimu na mwanzo wake unafanana na mambo mengi, na tuliyekutana naye pale alikuwa kijana mmoja peke yake mwenye foleni inayofika getini.

Mwanzoni mwa 2020 tulipewa rufaa ya Dar es Salaam, kwa bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu kwa watoto. Yule daktari alimtazama mwanangu kwa muda mrefu bila kusema neno. Akahesabu mishtuko. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa: huyu mtoto aliwahi kuugua surua, na aliugua akiwa na umri gani?

Nikatoa kadi ya kliniki. Mimi kadi za watoto naziweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa, kwenye mfuko wa nailoni. Kadi ilikuwa na uzito wa kila mwezi, matone ya polio, sindano za mapajani, na sindano ya surua ya miezi tisa yenye tarehe na saini. Surua yenyewe, ule ugonjwa aliougua miezi miwili kabla, haikuandikwa popote. Siku ile angempeleka baba yake, ambaye ni dereva wa malori na mwaka 2011 alikuwa njiani muda mwingi, daktari angejibiwa kwamba mtoto alichanjwa, hakuugua. Ilikuwa bahati tu kwamba aliyekuwa naye ni mimi niliyemkesha.

Walimvisha waya kichwani wapime mawimbi ya umeme ya ubongo. Daktari akaniita nitazame: kila baada ya sekunde chache mistari yote ilinyanyuka kwa pamoja, na kila iliponyanyuka mkono wa mwanangu uliruka. Wakachukua maji ya uti wa mgongo, wakakuta humo kinga nyingi mno dhidi ya surua, kiasi ambacho hakitakiwi kuwemo. Ndipo nikaambiwa jina la ugonjwa. Madaktari huuita kwa kifupi SSPE. Kwa maneno yetu ya kawaida, ni ugonjwa wa kuharibika kwa ubongo unaokuja polepole, miaka mingi baada ya surua.

Naomba niueleze kidogo, maana watu wengi hawajausikia. Katika watoto walio wengi surua hupita na virusi vyake huisha mwilini. Katika wachache sana, virusi hubaki ndani ya ubongo. Hukaa humo miaka bila dalili yoyote, mtoto anacheza, anasoma, huku vinabadilika kidogo kidogo. Kwa kawaida hupita miaka 7 hadi 10, wengine hujitokeza mapema zaidi na wengine wakiwa watu wazima. Wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana, na aliyeugua surua kabla ya kutimiza miaka miwili ndiye aliye hatarini zaidi. Dalili zikishaanza, virusi huenda kutoka seli moja ya ubongo hadi nyingine. Kwanza hupotea akili ya darasani, kisha mwili hushtuka, kisha kutembea, kisha kusema. Wengine hupoteza macho. Kuna dawa zinazojaribiwa kuupunguza mwendo, na kwa wachache huwa zinasaidia kwa muda, lakini hakuna ya kuuponya. Walio wengi hufariki ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu.

Na hauambukizi. Hili naliandika kwa uchungu. Virusi vilivyomo katika ubongo wa mtoto wa SSPE vimeharibika kiasi kwamba haviwezi kutoka na kumrukia mtu mwingine. Lakini jirani zangu waliposikia neno surua waliwafungia watoto wao ndani, na watoto waliokuwa wakija kucheza bao la mchanga na mwanangu hawakuja tena. Ugonjwa ulikuwa umeshamnyang'anya mengi. Ningeomba watu wasiuongezee.

Sasa nilirudie swali la ndugu yangu. Mama mkwe wangu alikuwa ameshalisema mbele ya ukoo: mtoto alichomwa sindano ya surua, leo anaambiwa surua imo kichwani, je si ile sindano iliyoiweka? Nilimuuliza daktari vivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Hakukasirika. Alivuta kiti akakaa.

Alinieleza kwamba virusi vya chanjo na virusi vya surua inayozunguka mitaani havifanani hasa. Vya chanjo vimedhoofishwa maabara, na chembe zake za urithi zina alama zake. Wataalamu wanaweza kuvisoma herufi kwa herufi na kusema hivi ni vya sindano, hivi ni vya mtaani. Mimi nikiletewa gauni lililoshonwa na fundi mwingine nalijua kwa mishono yake, hata kama kitambaa ni kile kile ninachotumia mimi, nikamwelewa. Akaniambia kwamba katika ubongo wa wagonjwa wa SSPE waliochunguzwa kwa njia hiyo katika nchi mbalimbali, virusi vinavyokutwa ni vya surua ya mtaani. Vya chanjo havijawahi kukutwa, hata kwa watoto ambao wazazi walisema hawakuugua surua kamwe ila walichanjwa tu. Hao nao waliugua, ikapita bila mtu kuitambua. Kamati ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia usalama wa chanjo ilishaupitia ushahidi huo na kukubali kwamba chanjo haisababishi ugonjwa huu, wala haiuharakishi kwa mtoto ambaye virusi vimo tayari.

Nikauliza tena: basi mbona sindano haikumsaidia? Akasema sindano ya miezi tisa ilimkuta virusi vimeshaingia ubongoni. Chanjo huzuia surua isiingie. Haina uwezo wa kufuata iliyokwisha kujificha kule ndani.

Kuna jambo moja mdogo wangu alinionyesha ambalo peke yake lilimnyamazisha mama mkwe wangu, naye si mtu wa kunyamazishwa. Daktari mmoja wa Marekani, James Dawson, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1933. Mwaka 1945 Ludo van Bogaert wa Ubelgiji akaueleza tena. Chanjo ya kwanza ya surua iliruhusiwa kutumika huko Marekani mwaka 1963. Kwa hiyo watoto walikuwa wakifa kwa ugonjwa huu miaka 30 kabla sindano yenyewe haijakuwapo duniani. Wakati ule madaktari hawakujua unatokana na nini. Ni katika miaka ya 1960 ndipo surua ilipoanza kushukiwa, na mwaka 1969 watafiti waliweza kuotesha virusi vya surua kutoka kwenye ubongo wa wagonjwa.

Na baada ya 1963 kilitokea nini? Kama sindano ndiyo chanzo, nchi iliyochanja mamilioni ya watoto ingejaa wagonjwa. Marekani walianzisha daftari la kuwaandikisha wagonjwa wa SSPE, na daftari hilo likaonyesha wakipungua mwaka hadi mwaka, miaka kadhaa baada ya surua yenyewe kupungua, mpaka ugonjwa ukakaribia kutoweka. Uingereza ikawa hivyo hivyo. Hilo ndilo chanjo iliuachia ubongo wa watoto wa kule baada ya miaka mingi.

Kisha wakalegea. Kati ya 1989 na 1991 surua ilirudi Marekani, watu kama 55,000 wakaugua, wengi wakiwa watoto wadogo ambao hawakuchanjwa. Miaka ikapita. Watafiti wa jimbo la California wakatafuta wagonjwa wa SSPE waliojitokeza kati ya 1998 na 2015, wakapata 17, wakalinganisha na watoto waliougua surua katika mlipuko ule. Kwa miaka mingi vitabu vilikuwa vikisema ugonjwa huu humpata mgonjwa mmoja wa surua katika 100,000. Wao walikuta kwamba kwa aliyeugua kabla ya kutimiza miaka mitano ni mmoja katika 1,367. Kwa aliyeugua kabla ya mwaka mmoja, kama wangu, ni mmoja katika 609.

Mdogo wangu aliposoma namba hiyo ya mwisho alinyamaza, nikamwambia arudie.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Afrika Kusini ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa surua kati ya 2009 na 2011, na baada ya hapo madaktari wa hospitali ya watoto ya Red Cross mjini Cape Town wakaanza kupokea watoto wa SSPE, baadhi yao miaka michache tu tangu waugue. Waliandika matokeo yao mwaka 2015, na jina la kwanza katika makala ile ni la daktari wetu Mtanzania, Edward Kija. Na Septemba 2025 idara ya afya ya Los Angeles ilitangaza kifo cha mtoto wa umri wa shule kwa ugonjwa huu huu. Aliugua surua alipokuwa mchanga, kabla hajafikia umri wa kuchanjwa. Nilipoelezwa habari ile nilimfikiria mama yake siku nzima, mwanamke nisiyemjua wala hatutakutana, ambaye naye alifanya yote kwa ratiba.

Mwanangu alifariki mwaka 2021, nyumbani. Mwaka wa mwisho alilishwa uji mwepesi kwa mpira uliopitishwa puani, tulimgeuza mchana na usiku asipate vidonda vya mgongo, na alikuwa hasemi. Mguu wangu ukikanyaga cherehani aligeuza macho upande wangu. Nilishona zaidi mwaka ule kuliko mwaka wowote.

Sasa, Mhariri, nije kwenye lililonifanya nishike kalamu, maana kumjibu ndugu yangu ni nusu tu ya barua hii.

Mtoto wa miezi saba hawezi kujikinga mwenyewe, na ratiba haijamfikia. Kinga yake ni watoto wakubwa waliomzunguka, wale wa miaka miwili, mitatu, mitano, wakiwa wamechanjwa kikamilifu wasimletee. Sindano moja ya miezi tisa hukinga watoto kama 85 kati ya 100. Waliobaki 15 hawana kosa, miili yao tu haikushika. Wakijumlishwa mwaka baada ya mwaka wanakuwa kijiji kizima, na surua ikiingia hapo inapata pa kuishi. Ndiyo sababu ipo dozi ya pili, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2014, hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, pamoja na kinga ya rubella, ugonjwa mwingine wa vipele, ndani ya sindano hiyo hiyo. Kwa dozi mbili karibu watoto 97 kati ya 100 wanakuwa salama. Ili surua isisambae, wataalamu wanasema inatakiwa watoto 95 kati ya 100 wawe wamepata zote mbili. Mwaka 2023, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, waliopata ya kwanza duniani kote walikuwa 83 kati ya 100 na waliopata ya pili walikuwa 74, na surua iliua watu 107,500, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Hao ni waliokufa kwa surua ya wakati ule ule. Watakaokuja kushtuka mikono miaka minane baadaye bado hawajahesabiwa na mtu yeyote.

Mwaka 2014, wakati mwanangu ana miaka minne na hakuna anayejua kilichomo kichwani mwake, nilifurahi kusikia dozi ya pili imeanza. Binti yangu alizaliwa 2016. Alipofikisha miezi 18 nilimbeba nikafika zahanati saa mbili asubuhi. Muuguzi akaangalia kadi, akatazama benchi, akaniambia: mama, rudi Alhamisi, leo watoto wa surua hawajatosha.

Watu wengi hawajui kwa nini wanaambiwa hivyo, kwa hiyo nieleze. Chanjo ya surua na rubella huja ikiwa unga katika kichupa, na kichupa kimoja huwa na dozi kumi. Muuguzi huuchanganya unga na maji yake maalumu, na ukishachanganywa unatakiwa utumike ndani ya saa sita, unaobaki unamwagwa. Wakija watoto wawili, dozi nane zinakwenda kwenye taka. Muuguzi anaogopa ataulizwa dozi zimekwenda wapi, anaogopa kwisha akiba kabla gari la chanjo halijarudi, basi anawakusanya watoto mpaka wafike idadi. Namwelewa. Hana nia mbaya, amezoezwa kuhesabu chupa.

Lakini hebu tumtazame mama. Mtoto wa miezi 18 anatembea, hanyonyi sana, hana sindano nyingine siku hiyo isipokuwa hii moja. Hakuna kinachomsukuma mama kurudi. Katika benchi lile nilikaa na dada mmoja aliyetoka upande wa milimani kwa bodaboda, nauli ya kwenda na kurudi ni kibarua chake cha siku. Naye aliambiwa Alhamisi. Mimi naishi karibu, Alhamisi nilirudi, binti yangu akachomwa. Yule dada sikumwona. Huenda alikwenda siku nyingine, naomba iwe hivyo. Ila najua kwa hakika kwamba kule milimani kuna watoto waliorudishwa wasirudi tena, na mmoja wao akiugua atakwenda harusini, au atapanda daladala na kukaa karibu na mama mwenye kichanga cha miezi saba.

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo ulio wazi katika jambo hili: mtoto aliyefikia umri na yupo mbele yako apewe chanjo, kichupa kifunguliwe hata kama ni mmoja, na zinazomwagika zihesabiwe kuwa sehemu ya kazi. Kwa bei ambayo UNICEF hununulia, dozi moja haifiki dola moja ya Marekani. Dozi tisa zikimwagwa zote ni chini ya dola tisa. Nilipokuwa Dar es Salaam, gharama ya kipimo kimoja cha mwanangu, acha nauli, acha chumba, acha cherehani moja niliyoiuza, ilizipita hizo mara nyingi. Na kipimo kile kilikuwa cha kutuambia tu kwamba hakuna la kufanya.

Nina maombi mengine matatu madogo. Mtoto akiugua surua, muuguzi auandike ugonjwa huo kwenye kadi ya kliniki kwa tarehe, pale pale chini ya chanjo, na wazazi wasiitupe kadi mtoto akishavuka miaka mitano. Walimu wakuu nao wanapoandikisha watoto wa awali na darasa la kwanza waiangalie kadi hiyo, na asiye na dozi ya pili wasimrudishe nyumbani ila wamwelekeze zahanati, kwa sababu aliyeikosa akiwa na miezi 18 bado anaweza kuchanjwa. Na pale surua inapozuka katika eneo, mama mwenye mtoto wa miezi sita aulize kama dozi ya mapema inatolewa. Shirika la Afya Duniani huishauri wakati wa mlipuko, na mtoto akishaipata bado atapewa zake mbili za kawaida.

Ndugu yangu uliyeandika, mwanao mpeleke akifika miezi tisa, na ukifika hapo uliza kama dada na kaka zake walipata ya pili. Sindano huleta homa ya siku moja mbili, wengine vipele vidogo. Wangu wawili waliobaki waliipata hiyo homa.

Na kwa waganga wakuu wa wilaya wanaosoma gazeti hili naomba mmoja wao ajibu kupitia ukurasa huu huu, ili wauguzi na kina mama wote tusome. Muuguzi wa zahanati ya kijijini akifungua kichupa asubuhi kwa mtoto mmoja, asije mwingine, na jioni akamwaga dozi tisa, katika taarifa yake ya mwezi anaandikwa kwamba amepoteza chanjo au kwamba amechanja?

Mama wa watoto watatu, fundi cherehani,
Korogwe, Tanga
(Jina na anwani vimehifadhiwa)